Halua ya Waridi ya Zuwena

Nipeni masikio, niwape ngano. Zuwena hakujaliwa mtoto, akaamini wifi yake Mize ndiye aliyemroga. Alikuwa amesikia hadithi ya halua inayopikwa na majini kwa maji ya waridi, ambayo mlaji wake husema siri yake. Akaamua kuipika nyumbani, Mize aumbuke mbele ya wageni.

Akakoroga wanga na sukari, akakoroga, akakoroga, mpaka jini akachomoza katika mvuke.

"Atakayekula atasema," jini akaonya, "hata wewe mpishi."

"Mimi sili," Zuwena akajibu.

Halua ikaganda, ikawa inatetemeka sahanini. Wageni walipoketi, Mize akawa wa kwanza kuonja, machozi yakamlenga.

"Nina mimba, wifi. Nimeificha nisikutie uchungu." Kisha kwa mapenzi akamlisha Zuwena kipande.

Zuwena akafumba mdomo, lakini maneno yakatoka. "Nimeipika nikuaibishe. Nimewaambia watu kwamba umeniroga."

Wageni wakaweka sahani chini kabla ya kuonja, wakaondoka bila kumpa Zuwena mkono.

"Ungeniuliza tu," Mize akasema.

Mtoto alipozaliwa, Mize mwenyewe alimwita wifi yake aje kumpakata. Zuwena alimpakata, lakini macho hakuweza kuyainua.

Ngano yangu imechoka, naiacha ipumzike hapo.