Mashine Mbili na Harusi Moja

Sogeeni, wanangu. Ninyi wa mlangoni ingieni, mkeka unatosha. Na wewe mwenye mtoto mnyonyeshe hapo hapo, hanisumbui. Simu zigeuzeni kifudifudi. Sauti yangu siku hizi haipandi, mkinong'ona ninyi, mimi nitakuwa najisemea peke yangu. Kimya kimeingia? Haya.

Kulikuwa na mzee mmoja mpiga picha, ana studio yake kwenye mji wa baridi, ule wa barabarani ambao mabasi husimama watu wanywe chai. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa picha za pasipoti. Kitambaa cha bluu ukutani, kigoda kimoja, na sauti yake ile ile: "Kaa wima. Kidevu chini. Usicheke, serikali haicheki." Wanawe wawili walipokua, mkubwa wa kiume na mdogo wa kike, studio ikaanza kuchukua na video za harusi. Mzee akachoka. Akataka kurudi kijijini alime maharage. Sasa studio amwachie nani?

Kila mtoto alikuwa na kompyuta yake. Msinicheke, mimi shule sikuiona, lakini mjukuu wangu anazitengeneza, na nikimpelekea uji huwa nauliza. Kompyuta ina ubongo wake, unaitwa prosesa. Ndani ya ubongo huo ni kama mna watu wanaofanya kazi. Kaka alikuwa na kompyuta ndogo ya mezani, mpya, ya bei nafuu. Prosesa yake ina watu wanne tu, lakini vijana, wepesi, na umeme hawali. Dada alikuwa na lidude la zamani lililotoka kwenye ofisi kubwa. Kule lilikuwa seva, maana yake lilihudumia watu mia kwa wakati mmoja. Prosesa yake ina watu kumi na sita, lakini wazee. Kazi anayofanya kijana mmoja wa kule, huku wanaifanya wazee wawili. Tena linakula umeme, na linavuma kama mashine ya kukoboa mahindi.

"Hilo jiko lako la mkaa," kaka akimtania, "Julai tutaliinjikia maharage."

"Na hicho kikopo chako," dada anamjibu, "ukikipa harusi moja ya Kinyakyusa kitalia machozi."

Wanacheka. Walipendana, msidhani walikuwa maadui.

Mzee akasema, "Zishindanisheni hizo mashine. Mwenye mashine bora ndiye mkubwa wa studio." Akawapa jaribio. Jaribio gani? Picha ya pasipoti! Moja. Kuifungua, kuisafisha, kuitoa kwenye karatasi. Ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote, angepima kwa nini kingine?

Ninyi mmemenya ndizi za msibani, niambieni. Ndizi moja ukimpa msichana mwepesi, na moja ukawapa wazee kumi na sita, nani atamaliza kwanza? Wazee kumi na sita hawawezi kuishika ndizi moja. Mmoja anamenya, kumi na watano wamekaa wanamtazama. Ndivyo ilivyokuwa. Picha ya kaka ilikuwa imeshatoka, dada bado anangoja. Mzee akapiga kofi mezani. "Imekwisha. Mkubwa ni mkubwa." Lidude likabebwa, likawekwa stoo, nyuma ya pazia moja la zamani.

Wiki haikuisha. Jumatatu, saa tatu asubuhi, akaingia bibi harusi wa Jumamosi. Hina bado mbichi mikononi, uso umevimba.

"Shikamoo, baba. Kaka, harusi yangu iko tayari?"

"Bado, dada yangu. Kamera tatu zile. Ndiyo kwanza nimepanga vipande."

"Mama hakuja kanisani, unajua, hawezi kuinuka. Alfajiri nesi ametuambia tujiandae. Sasa mama anasema anataka kuiona harusi. Yote. Kuanzia natoka pale mlangoni kwake. Nani alilia, nani alicheza, shangazi alivaa nini. Anasema nimwekee, aone, ndipo alale."

Kaka alikuwa na huruma. Alisimama saa ile ile. Video zile za kamera kubwa, mbichi hivyo, simu ya mgonjwa haizifungui. Lazima kompyuta izipike kwanza ziwe kitu kimoja. Akabonyeza, mashine ikapiga hesabu, ikaandika: saa sita.

Yule binti akashika kichwa. "Saa sita? Mpaka saa tisa alasiri?"

Dada akatoka stoo. "Kaka, hii kazi si ndizi moja. Hii ni mikungu. Nipe mimi, kwangu itachukua saa tatu. Au tugawane: kipande kidogo kwako, kikubwa kwangu, kwa saa mbili tu tumeshaunganisha. Soketi za umeme ziko mbili."

Kaka akamtazama, akamtazama mteja, akamtazama baba yake. Akasema polepole, "Mdogo wangu, tulishindana. Baba ameshuhudia. Ukiipika wewe leo, kesho watu watauliza mkubwa hapa ni nani."

"Watauliza mama kaiona harusi au hajaiona."

"Nimesema itapikwa hapa."

Dada akamgeukia mzee. "Baba?"

Mzee alikuwa kwenye kigoda anafuta lenzi. Alijua. Nawaambia alijua, maana kitambaa kilisimama mkononi. Halafu kikaendelea. "Mkubwa ameshasema," akajibu.

Basi ikapikwa pale. Na ile mashine ndogo haikufanya kosa, wanangu. Haikukwama hata mara moja. Saa tano asubuhi ikapita, saa ambayo wawili wale wangekuwa wamemaliza pamoja. Mama alikuwa hai, anauliza, "Bado?" Saa sita mchana ikapita, saa ambayo lidude lingemaliza peke yake. Mama alikuwa hai, ameomba ageuzwe uso utazame mlango. Saa nane kasoro alikata roho. Saa tisa kamili mashine ikalia kale kamlio kake kazuri, harusi ipo tayari, rangi safi, nyimbo zote.

Nani alimkosea yule mama? Mashine ndogo? Ilisema saa sita, ikamaliza kwa saa sita. Lidude? Lilikuwa stoo. Hizi mashine zilisema kweli tangu siku ya kwanza. Ziliulizwa swali moja dogo, zikajibu swali hilo, halafu wanadamu wakalichukua jibu la picha moja wakalifanya hukumu ya maisha. Na ilipokuja siku ya kusema "tulipima vibaya," ulimi ukawa mzito.

Na sisi? Sisi tunawapima watu kwa nini? Katika jumuiya hii hii, kuna mama tulimpa aongoze sala, akakwama, tukatazamana, tukaguna. Hajaitwa tena kwa lolote. Lakini alipougua jirani yenu bondeni, nani alikwenda kumwogesha siku arobaini? Mnamjua. Amekaa pale nyuma, sitamtaja, ataniona mbaya. Na yule anayesali vizuri, je, tumtupe stoo kwa zamu yake? La! Sikusema hivyo. Nilisema soketi zilikuwa mbili.

Wengine hapa ni kaka, tumeshikilia ukubwa. Lakini mimi nawaogopea zaidi wanaofuta lenzi. Unajua, unaona, neno moja lako linatosha, na unaendelea kufuta. Mimi mwenyewe nimewahi kuifuta lenzi hiyo. Namwomba Mungu anisamehe kila nikikumbuka.

Mzee alikwenda kijijini akafa huko, na mali ikagawanywa. Kaka alirithi studio, kibao cha mlangoni, kigoda na kitambaa cha bluu. Picha ya pasipoti kwake inatoka kabla hujafunga kifungo cha shati. Dada alirithi lidude lake lile lile, hakuna aliyebishana naye. Amelihamishia kwake, na kaka akipata harusi ndefu huipeleka huko mwenyewe, kwa miguu, bila kuitwa. Na yule bibi harusi alirithi vitenge vya mama yake, sufuria mbili, na flashi moja anayoiweka ndani ya kopo la chai. Humo shangazi anacheza, mlango wa mama uko wazi. Hajaifungua.