Nukta Isiyo na Uzi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yun-gyeong, mchambuzi wa takwimu katika hospitali moja ya Daegu, hakuwa na haja na wahenga. Alikuwa na kompyuta.

Kutokana na kumbukumbu za miezi sita alichora utando: kila muuguzi nukta, kila mgonjwa aliyetoka mkono mmoja kwenda mwingine, uzi. Nukta ya Sol-bi, mdogo kuliko wote katika wodi ya nne, ilisheheni nyuzi. Nukta ya Ok-bun, aliyeuguza miaka thelathini, ilijitenga pembeni kama yatima. Mkurugenzi alitaka muuguzi mmoja apunguzwe Ijumaa. Yun-gyeong akaandika jina la Ok-bun katika ripoti, akampelekea.

Alhamisi asubuhi Sol-bi aliingia ofisini, uso umemkunjamana.

"Dada, irudishe hiyo ripoti. Yule mama ndiye wodi yenyewe."

"Kumbukumbu hazisemi hivyo. Nyuzi zote ni zako."

"Vidole ndivyo vyangu, kazi si yangu. Mara ya tatu hii nakwambia."

"Sikuelewi."

"Utaelewaje ukiwa ghorofa ya tisa? Shuka."

Yun-gyeong alishusha pumzi ya kuchoshwa, akashuka ili kumnyamazisha tu.

Hadi saa kumi jioni Ok-bun hakuketi. Alihangaika kitanda hadi kitanda kama mama mwenye mapacha wanaolia.

"Sol-bi, andika: babu wa kitanda cha tatu hamezi, aitwe daktari wa koo. Andika: bibi huyu apelekwe wodi ya moyo, sasa hivi."

Sol-bi akaandika kwenye kompyuta ya wodi, kwa jina lake mwenyewe, kama wadogo wa wodi ile walivyowaandikia wakubwa wao miaka nenda miaka rudi.

"Kwa nini huandiki mwenyewe?" Yun-gyeong aliuliza.

"Nikiishika mashine, mwanangu, wagonjwa atawashika nani? Hebu sogeza kiti, umekaa njiani."

Yun-gyeong alipanda juu, uso umemwiva kwa aibu, akampigia simu mkurugenzi.

"Ripoti ina kosa, nalo ni langu. Nilitazama nani kaandika, sikutazama nani kafanya."

"Kumbukumbu za miezi sita, leo ndiyo unaniambia?" mkurugenzi alifoka. "Sasa nimpunguze nani?"

"Kwa utando huu, hakuna. Shuka ukakae nao siku moja, mzee. Ila usikae njiani."

Ijumaa ilipita, na Ok-bun akabaki kazini. Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.