Mwanamke Aliyelifunga Lango la Sahrani

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika mji wa Sahrani, aliishi mcha Mungu mmoja aitwaye Bibi Unaysa binti Hudhayfa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mshonaji wa matandiko ya farasi, na nyumba yake ilipakana na lango kuu la mji, ambalo funguo zake aliachiwa na marehemu mumewe.

Mwaka mmoja, kodi ikiwa imekwisha kulipwa, mtoza kodi wa Sultani alirudi na askari akidai hata nafaka ya wakfu waliyolishwa wagonjwa. Unaysa akamfungia lango. Yule bwana akaenda kumwambia Sultani kwamba Sahrani imeasi.

Haukupita muda, vumbi la farasi likatanda! Sultani mwenyewe amekuja na jeshi, ameapa kuubomoa mji mpaka uwe malisho ya ngamia. Watu wakakimbia huku na huku. Wazee wakashauriana, "Tuseme lango lilifungwa na wapita njia."

"Laa, wazee wangu, hatutaokoka kwa uongo," akasema Unaysa. Akasoma Bismillahi, akafungua lango, akatoka peke yake.

"Maulana, niliyefunga ni mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Nilichelea kuulizwa na Mola wangu juu ya chakula cha wagonjwa. Niadhibu mimi, mji uuache. Tandiko ulilolikalia nimelishona mimi. Panga za askari wako zimefuliwa na wahunzi wa humu, makadhi wako wamesomea msikiti ule, na posho ya jeshi lako hutoka katika soko letu. Ukiubomoa, kesho utatawala nini, maulana? Mchanga?"

Sultani akamgeukia mtoza kodi. "Uliitaka nafaka ya wagonjwa?"

Yule akainamisha kichwa, akakiri.

Sultani akashuka farasi. Akamvua mtoza kodi wadhifa wake pale pale, kisha akaingia mjini kwa miguu, Unaysa akimtangulia. Takbira zikarindima! Wahunzi wakagonga nyundo, wanawake wakapiga vigelegele juu ya madari, na wagonjwa walioweza kusimama wakajikokota hadi barazani kutazama.

Enyi waumini, mji wenye soko, mahakama na madrasa ni amana ya Mola kwa mtawala na kwa kila akaaye ndani yake. Bibi Unaysa aliilinda amana hiyo kwa kusema kweli mahali ambapo kweli ingeweza kumtoa roho. Mola atujaalie ulimi kama wake.