Tumbo si Kanga

"Tumbo si kanga, halisomwi kwa mbali." Mmenisikia nikimwambia jirani maneno hayo mkacheka, na sasa mnataka kujua yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Kondoa, nyumbani kwa fundi cherehani mmoja aliyeitwa Swalehe.

Swalehe alikuwa na wake wawili. Mkubwa, Mwajabu, alizaa binti mmoja, kisha uzazi ukakoma. Mdogo, Nuru, hakuwahi kuzaa, na Mwajabu aliona hiyo ni haki: mume waligawana, lakini mtoto alikuwa wake peke yake.

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno ya uwele, tumbo la Nuru lilianza kujaa. Mwajabu aliliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaona mwenzake anakula matonge mawili anasema ameshiba. Akaona anakwenda msalani kila mara, na anajishika chini ya kitovu huku Swalehe akimwambia apumzike. Kila alichokiona kilimchoma. Siku Swalehe alipomshonea Nuru gauni pana, Mwajabu hakugusa chakula.

Ni yeye aliyeitoa habari kisimani. "Bibi mdogo kajaliwa," aliwaambia wenzake. "Sasa mtaona madaha."

Wanawake wakaja kumpongeza Nuru. Naye akainamisha kichwa. Mwajabu akayaona hayo ndiyo madaha yenyewe.

Miezi ikapita. Tumbo likazidi, lakini mashavu yakaingia ndani. Siku moja walikuwa uani wakichambua mchicha, Nuru akainuka tena kwenda msalani. Aliporudi, Mwajabu alishindwa kujizuia.

"Huyo mtoto atazaliwa lini, nasi tupumzike?"

Nuru aliketi taratibu. "Dada, sina mimba."

"Usinifanye mtoto."

"Damu ya mwezi naipata kama kawaida. Tumbo linavimba, nyonga zinauma, chakula hakipiti. Nilitaka kusema, lakini watu walishanipongeza, na Swalehe amefurahi mno. Nikaona haya."

Mwajabu akanyoosha mkono, akaligusa tumbo alilolichukia miezi yote ile. Lilikuwa limekaza, na upande mmoja lilikuwa na kitu kigumu.

Kesho yake alimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari aliwaambia ni saratani ya ovari, pale yanapokaa mayai ya mwanamke. Akasema dalili zake hudharauliwa kwa kuwa zinafanana na mambo ya kila siku: tumbo kujaa, kushiba upesi, mkojo wa mara kwa mara, maumivu ya nyonga. Zikija na zikakataa kuondoka, mwanamke asingoje, akapimwe.

Nuru alipasuliwa, akapewa dawa kali, akaishi miaka mingine michache. Mwajabu alimuuguza. Wivu haukumwisha: Swalehe alipomnywesha Nuru uji, Mwajabu aligeuza uso. Lakini hakuondoka, na bakuli alilishika yeye.

Siku moja, Nuru akiwa ameshazikwa, kulikuwa na arusi mtaani. Wanawake wakaanza kunong'onezana juu ya tumbo la mama mmoja aliyeketi peke yake, wakimvuta Mwajabu acheke nao. Mwajabu akainuka, akaenda kuketi na yule mama, akamuuliza polepole kama anashiba upesi, kama nyonga zinamuuma, na tangu lini. Aliporudi kuchukua mtandio wake ili amsindikize hospitali, wenzake wakamuuliza yanamhusu nini.

"Tumbo si kanga," akawajibu, "halisomwi kwa mbali."