Diski Iliyofanya Kazi Saa Arobaini

Sogeeni, ila kila mtu akae mbali kidogo na mwenzake, maana mwisho wa hadithi hii nina swali na sitaki mnong'onezane. Nawajua. Mara ya mwisho niliuliza swali la namna hii, nikapata jibu moja kutoka vinywa kumi na viwili. Nikajua hapo kuna mmoja aliyefikiri na kumi na mmoja waliodaka. Leo kila mtu aje na lake.

Walikuwepo watu watatu pale Tukuyu, na kila mmoja alikuwa na kipaji cha kutoamini. Msicheke. Wako waliojaliwa sauti, wako waliojaliwa mbio. Hawa walijaliwa shaka.

Wa kwanza ni Sista Bupe, muuguzi wa zahanati. Mgonjwa akimwambia "sijambo", Sista alimpima mara mbili. Watu husema wanachotaka kusema, lakini namba, aliamini yeye, ukizikutanisha mbili zikatazamana usoni, mojawapo itaona haya.

Wa pili ni Gwamaka, mwenye mashine ya kusaga. Yeye aliamini masikio. Beringi ya kufa Ijumaa aliisikia ikilalamika tangu Jumatatu. Hata mkewe akimwambia "niko sawa, mume wangu", Gwamaka alinyamaza kwanza asikie anavyoweka sufuria.

Wa tatu ni Tusajigwe, muuza maharage sokoni. Huyu walanguzi walikuwa wamemliza sana: maharage mazuri juu ya gunia, yaliyobunguliwa katikati. Tangu hapo hakununua gunia kabla ya kupitisha vidole kwenye mshono. Gunia lililofunguliwa likashonwa upya, alisema, huacha matundu mawili pale palipotakiwa kuwa tundu moja.

Basi hao ndio watatu wangu. Sasa sikieni kilichowakutanisha.

Palikuwa na mjane kijana aitwaye Subilaga, ambaye wote walimwita Mama Atu kwa jina la bintiye wa miaka mitano. Mumewe, Anyosisye, aliugua miaka miwili nyumbani kabla hajafa. Alijua hatamwona mwanawe akienda shule. Kwa hiyo kila jioni alipopata nafuu alikaa mbele ya kompyuta ya ofisi na kumwachia Atu maneno: hadithi, mafumbo, jinsi ya kuvuka mto uliojaa, majina ya mabibi zake. Siku anazikwa, rekodi zilikuwa zimefika mia moja na kumi na nane.

Kompyuta haikuwa yake. Ilikuwa ya mradi aliokuwa akiufanyia kazi, na mradi ukatuma ujumbe: Ijumaa saa sita mchana gari litakuja kuichukua, na ikifika itafutwa, apewe mtumishi mwingine. Mama Atu alikuwa na simu ya kitochi, isiyoweza kubeba hata rekodi moja. Alichohitaji ni diski, lile boksi dogo la chuma ambalo kompyuta huhifadhia mambo yake, ahamishie sauti ya mumewe humo. Mpya ilimshinda bei. Akaelekezwa kwa Lugano, fundi mwenye duka la vifaa vilivyotumika karibu na stendi, mtu mwenye maneno laini kama parachichi lililoiva.

Mama Atu naye hakuwa mjinga. Tangu afiwe alikuwa ameshaona watu wengi wakija na pole mdomoni na macho yao kwenye mabati. Akawaza: nikienda na mtu mmoja, fundi anaweza kumkonyeza, wakapanga njama. Akamwendea Sista Bupe, akamwambia, "Sista, Ijumaa asubuhi nisindikize kwa Lugano, lakini usimwambie mtu." Akamwendea Gwamaka, akamwambia hivyo hivyo. Akamwendea Tusajigwe, hivyo hivyo.

Ijumaa saa mbili watatu wakakutana mlangoni kwa Lugano, kila mmoja akamtazama mwenzake kama mtu aliyemkuta jirani shambani kwake.

"Na wewe umefuata nini huku?" Tusajigwe alimuuliza Gwamaka.

"Nimepita tu."

"Mashine umemwachia nani ukapita tu?"

Mama Atu akafika akiwa ameikumbatia kompyuta ndani ya kitenge. Hakueleza wala hakuomba radhi. Aliingia, nao wakamfuata.

Lugano aliwapokea vizuri. Vizuri mno, kama mnaniuliza mimi. Akatoa diski, akaifuta kwa kitambaa. "Hii, mama, imetoka kwenye ofisi moja kubwa. Haijafanya kazi hata wiki mbili, walinunua nyingi zikabaki. Subiri nikupimie afya yake, usije ukasema Lugano kaniuzia mbovu." Akaiunganisha kwa waya, akafungua programu ya kupimia. Maandishi ya kijani yakatokea: afya nzuri, imefanya kazi saa arobaini.

"Umeona?" akasema Lugano. "Saa arobaini tu. Hii bado mtoto."

Mama Atu akaanza kufungua fundo la kitenge alikofungia pesa. Hapo ndipo Sista Bupe alipovaa miwani.

"Fundi, teremsha hiyo orodha. Usinionyeshe kijani, nionyeshe namba."

Lugano akateremsha bila haraka. Sista akafuata mstari kwa mstari, kidole hewani. Kisha kidole kikasimama. "Hapa pameandikwa idadi ya mara ilizowashwa. Elfu tano na mia mbili?"

"Ndiyo, sista, hiyo ni namba tu ya..."

"Saa arobaini ni dakika elfu mbili na mia nne. Yaani hii diski imewashwa zaidi ya mara mbili kila dakika ya maisha yake. Mimi akija binti kliniki, kadi inasema ana umri wa siku arobaini na amezaa mara tano, simpimi uzito. Namuuliza kadi kaandika nani."

Gwamaka akacheka, akajizuia. Lugano hakutikisika. "Sista, hizo programu zina mambo yake. Diski za aina hii huwa zinasomwa vibaya, waulize mafundi wote." Sista alikunja uso. Alijua pana uongo, ila hakujua ni namba ipi iliyodanganya, na hakuwa fundi wa kumbishia fundi. Mama Atu, hata hivyo, alikuwa ameacha kufungua fundo.

Gwamaka akasogea mezani. "Zima feni," akasema. "Na redio."

"Redio inakusumbua nini, kaka?"

"Zima tu."

Zikazimwa. Gwamaka akachukua bisbisi ndefu ya Lugano mwenyewe, akaegesha ncha yake juu ya diski na mpini sikioni, vile mafundi wa mitambo wanavyosikiliza injini. Akaomba diski izimwe na kuwashwa tena. Ikavuma. Kisha, kwa mbali: ka. Ka. Ka. Ikanyamaza, ikaanza kuvuma upya.

"Mashine nzima ikiamka inashika mwendo mara moja," akasema. "Hii inatafuta, inapoteza, inarudi kutafuta. Njoo usikilize, Mama Atu." Mjane akainama, akaweka sikio kwenye mpini. Aliposikia aliondoa sikio haraka, maana alikuwa amekaa miaka miwili kando ya mtu aliyepumua hivyo.

Lugano akakohoa. "Diski zote zinalia zikiwa baridi. Leo Tukuyu kuna baridi. Ikipata joto inatulia. Na kama haitulii, mama, si nipo? Unairudisha, nakubadilishia."

Neno hilo lilikuwa tamu, na kweli ni haki kwa duka lolote. Mama Atu akatazama saa ukutani. Saa nne kasoro. Kopi ingechukua zaidi ya saa nzima, na gari la mradi halisubiri. Akawaza: labda nichukue, ikigoma nirudi. Alisahau kwa nukta moja kwamba ikigoma kesho, kompyuta yenye rekodi itakuwa imeshafutwa.

Tusajigwe akanyoosha mkono. "Hebu chomoa niishike."

Akapokea diski, hakuitazama. Alipitisha kidole gumba pembeni mwa ile karatasi ya maandishi iliyobandikwa juu yake, kama anavyopapasa mshono wa gunia. Akapita mara moja, akapita tena. Halafu akaingiza ukucha kwenye kona, akavuta taratibu. Karatasi ikatoka, na chini yake palikuwa na karatasi nyingine, iliyopauka. Tarehe ya kutengenezwa ilikuwa ya miaka tisa nyuma.

"Wiki mbili," Tusajigwe alisema. "Fundi, hizi ni wiki za wapi?"

Lugano akafungua kinywa. Jibu la namba alikuwa amelitoa, na jibu la sauti alikuwa amelitoa. La karatasi juu ya karatasi hakuwa nalo. Hesabu ya saa ilikuwa imerudishwa nyuma na mtu, karatasi imebandikwa na mtu, na aliyesahau kufuta ile namba ya kuwashwa ni mtu huyo huyo.

Mama Atu akamwambia kwa upole kabisa, "Fundi, una watoto?"

"Wawili, mama."

"Picha zao ziko kwenye simu yako?"

"Ziko."

"Zihamishie kwenye diski hii, uzifute kwenye simu. Ukifanya hivyo mbele yangu, nainunua sasa hivi."

Mkono wa Lugano ulienda mfukoni, ukagusa simu, ukabaki humo humo. Sikumwonea huruma. Nikiri kwamba baadaye nilimwonea kidogo, kwa sababu aliona aibu, na wako wasioiona. Akainama chini ya meza, akatoa diski nyingine, kuukuu, bila maneno matamu. "Hii ni yangu ya nyumbani. Ina miaka mitatu na kazi imefanya. Lakini ni nzima. Chukueni kwa bei ile ile."

Hawakumwamini, bila shaka. Sista alizikutanisha namba zake zote zikapatana. Gwamaka alisikiliza mara tatu, ikashika mwendo mara tatu. Tusajigwe alipapasa karatasi yake, ikawa ni moja. Ndipo kopi ikaanza. Ilimalizika saa sita kasorobo, gari la mradi, lililoelekezwa na majirani hadi dukani, likipiga honi nje.

"Tusiiachie kompyuta kabla hatujajaribu," akasema Sista. Wakafungua rekodi ya mwisho, ya mia moja na kumi na nane, kutoka kwenye diski. Sauti ya Anyosisye ikatoka, dhaifu lakini ni yake:

"Mama Atu, hii ni yako, mtoto atakusamehe. Sitakuwepo. Mtafutie mwanetu mlezi, mtu wa kumshika mkono pamoja na wewe. Chagua aliyekufaa siku ya shida, siyo aliyekuja na pole. Lakini awe mmoja. Wakiwa watatu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshamlisha."

Mama Atu alilia pale pale dukani, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Kompyuta ikachukuliwa. Jumatano iliyofuata Lugano mwenyewe alipita kumwambia kwamba ile diski ya kwanza imegoma kufunguka kabisa. Alisema kwa sauti ya chini kama anayeleta habari za msiba.

Sasa shida. Mama Atu hana kifaa cha kuchezea zile rekodi, na wale watatu kila mmoja ana televisheni yenye tundu la kuchomeka diski. Akakata shauri kwamba mlezi ndiye atakayekaa nayo, na kila Jumapili Atu atakwenda kwake kumsikiliza baba yake. Watatu wote wakaitaka kazi hiyo. Kila mmoja akawashuku wenziwe.

"Bila mimi mngeshalipa na kuondoka," alisema Sista Bupe. "Nani mwingine aliuliza? Shaka ya kwanza ndiyo mama wa nyingine zote."

"Shaka yako ilijibiwa, sista, ukakunja uso," alisema Gwamaka. "Mimi niliupata ugonjwa wenyewe. Hata kama Lugano angekuwa malaika na karatasi yake ni moja, diski ile ingekufa vile vile."

"Na wewe ulijibiwa, kaka," alisema Tusajigwe. "Ukaambiwa mgonjwa atabadilishwa, na Mama Atu akakubali moyoni. Nilimwona. Mimi ndiye niliyeonyesha uongo, na uongo ndio uliomfunga mdomo."

Naona wewe wa pembeni unataka kusema wapeane zamu. Diski haizungushwi juu ya bodaboda kwenye mashimo ya huku, na marehemu alisema mmoja. Na wewe unayetabasamu, ukitaka kuniambia mlezi awe Mama Atu kwa sababu ya lile swali la picha, huyo ni mama tayari. Anatafuta wa pili.

Jumapili imefika. Atu ameshavaa viatu, kimoja mguu usio wake. Mama ameshika diski ndani ya kitenge, wamesimama njia panda: juu ni kwa Sista, chini ni kwa Gwamaka, mkabala ni kwa Tusajigwe. Mtoto anavuta mkono. "Mama, baba anaongea nyumba ipi?"

Je, wewe ungemjibu nini? Sema peke yako, usimtazame jirani.