Spika za Mwalimu Mbelwa

Hapo zamani, si zile za fisi kusema, ni juzi juzi tu enzi za kaseti, Mwalimu Mbelwa alifundisha kwaya huko milimani Lushoto. Sebuleni kwake palikuwa na spika mbili kubwa na ikwalaiza, chombo cha kurekebisha sauti nene na nyembamba, chenye vitufe kumi vya kupandisha na kushusha. Mkewe, Mama Kaje, ndiye aliyezipangusa vumbi.

Mama huyo alikuwa na siri. Alimwona mumewe akitega sikio kwenye spika, akinung'unika kwamba sauti nyembamba zimefifia. Yeye alizisikia vizuri tu. Akajua masikio ya mzee yanachoka. Amwambie? Mwalimu wa kwaya unamwambiaje kwamba hasikii? Basi kila akipangusa, kitufe cha sauti nyembamba alikipandisha kidogo. Mwezi huu kidogo, mwezi ujao kidogo. Mzee akafurahi. Wageni masikio yakawauma, wakanyamaza kwa adabu.

Sasa, kwenye kwaya alikuwemo Elinaza, binti wa sauti ya kwanza, ile nyembamba. Nyumbani, kwenye kaseti za kwaya yao, Mwalimu alimsikia kila neno. Kanisani, ana kwa ana, hamsikii. Akakata shauri kwamba binti ana dharau, anabana sauti makusudi, akamfukuza kwaya mbele ya waumini wote. Mama Kaje alikuwa benchi la tatu. Alijua. Akafungua kitabu cha nyimbo, akainamisha kichwa. Elinaza hakukanyaga tena kanisani.

Mwaka ulipoisha, wanakwaya wakataka kumfurahisha mwalimu wao, wakamletea fundi Hoza. Fundi akapima spika kwa maikrofoni, akasawazisha sauti zote, nene kwa nyembamba, isiwepo inayoizidi nyingine. Kaseti ikawekwa. Watu wakatikisa vichwa kwa utamu.

"Umeziua spika zangu," Mwalimu akasema.

Fundi akaona ametukanwa. Akajibu mbele ya wote, "Spika ni nzima, Mwalimu. Kilichokufa ni masikio yako."

Jamani, aibu iliyomshika Mama Kaje! Alitamani ardhi ipasuke. Akalia, akakiri yote, kuanzia kitufe mpaka benchi la tatu.

Mwalimu akasema, "Sikujua. Ningejua, nisingemfukuza mtoto wa watu." Lakini hakumtazama mtu usoni, maana mara ngapi alikuwa ametega sikio pale na hakujiuliza?

Mama Kaje akasema, "Nilimsitiri mume wangu. Mke asipositiri, nani asitiri?"

Fundi akasema, "Bila ukweli wangu, binti angebaki na jina baya." Hata hivyo naye aliinamia vyombo vyake, kwani ukweli ule angeweza kumnong'oneza mzee faraghani.

Wakaondoka wote watatu kwenda kumwomba Elinaza radhi. Mlangoni wakasimama, hakuna aliyeinua mkono. Binti alikuwa ndani anaimba. Mama Kaje akamsikia, fundi akamsikia. Mwalimu akauliza kama kuna mtu nyumbani.

Haya, wenzangu, msinikwepe macho. Je, kati ya watatu hao, nani alistahili kupiga hodi kwanza?