Muhuri wa Bwana Shekalaghe

Bwana Shekalaghe, afisa mipango miji, alikuwa mwepesi wa kukataa maombi kuliko kuyasoma. Bi Chausiku, mjane wa karibu na stendi, alimwomba mara tatu kibali cha kugeuza nyumba yake iwe mgahawa, na mara zote tatu akagongewa muhuri wa kukataliwa.

Mara ya nne aliingia kinyonge.

"Shikamoo, mzee. Mgahawa umenichosha. Naomba kibali niufunge, pawe nyumba ya kuishi tu."

"Marahaba. Huo mgahawa uliruhusiwa?"

"Mafaili si unayo wewe, mzee?"

Mafaili yalikuwa kabatini, hatua sita kutoka kwenye kiti. Bwana Shekalaghe akalitazama kabati, akaitazama chai yake, kisha akaandika barua: "Ombi limekataliwa. Jengo liendelee kutumika kama mgahawa." Akagonga muhuri. Bi Chausiku akatoka akijifuta machozi.

Wiki iliyofuata harufu ya pilau ilimfikia afisa hadi ofisini. Akaifuata mpaka mlangoni kwa Bi Chausiku, ambako watu walikuwa wamejaa wanakula.

"Nani kakuruhusu kufanya biashara hapa?"

Bi Chausiku akamwonyesha barua yake, imetundikwa ukutani ndani ya fremu.

"Mimi niliomba kufunga, mzee. Wewe ndiye uliyenikatalia."